Barabara ya Mama wa Gavana

Kila aliyewahi kumpigia kura mdogo wangu anaijua barabara yetu. Hajawahi kukanyaga hapa, lakini anaijua. Ingia duka lolote la jimbo hili, taja jina la Merrill Kittredge, na hata muuza misumari atakwambia, "Si ndiye yule aliyefunga barabara ya mama yake mzazi?" Atakwambia kwa heshima, kama anayesimulia habari za mtakatifu. Mimi naishi kwenye barabara hiyo. Naishi na mama huyo. Mpaka leo sijaona mtu aliyeniuliza mimi naionaje.

Basi nitasema bila kuulizwa.

Merrill alianza siasa kwenye baraza la mji wetu wa Stannery, kazi ambayo huku anapewa mtu aliyechelewa kuikataa. Ni wajumbe wachache, meza moja, na ugomvi wa mwaka mzima juu ya theluji. Nani anasafishiwa njia mapema, nani kasahauliwa, lori la mji limegonga sanduku la barua la nani. Mwaka aliochaguliwa, mji uliishiwa pesa kabla baridi haijaisha, na baraza likaamua kuzishusha daraja barabara za mlimani. Barabara ikishushwa daraja, mji umenawa mikono. Theluji ikianguka, lori haliji. Matope yakija, ukikwama shauri yako.

Watu wa mlimani wakaja juu. Wakasema Kittredge atafunga za wenzake na kuiacha ya kwao. Merrill akasimama kwenye mkutano wa mji, bado kijana, masikio mekundu kwa baridi, akasema, "Ya kwanza kufungwa iwe ya mama yangu."

Walipiga makofi hadi viti vikalia. Jioni alipokuja kula, Mama alimwekea maharage ya baridi.

"Wewe una akili timamu kweli?" akamwuliza. "Wenzako wanagombea kwa kuleta barabara, wewe unagombea kwa kuondoa?"

"Ni mwaka mmoja tu, Mama. Mji ukikaa sawa tutairudisha."

Mji ulikaa sawa. Barabara za wengine zikarudishwa moja baada ya nyingine, kila mwenye yake akija mkutanoni kulalamika hadi watu wakachoka kumsikiliza. Yetu haikurudi, kwa sababu ilikuwa imeshaanza kumfanyia Merrill kazi. Alipogombea bunge la jimbo alihadithia jinsi alivyofunga barabara kadhaa, na ya mama yake ikiwemo. Alipogombea useneta wa jimbo, zile nyingine zikatoweka kwenye hadithi, ikabaki ya mama peke yake. Alipogombea ugavana, hadithi ikawa Mama mwenyewe ndiye aliyesema, mkono begani mwa mwanawe, "Mwanangu, anza na yangu." Tukaiona kwenye tangazo la televisheni, na theluji ikianguka taratibu kwenye barabara ambayo hata si yetu. Yetu haikuwa nzuri kiasi hicho, wakatafuta nyingine.

Mara ya kwanza Mama alipoliona tangazo lile alifyonza. "Mwongo huyo. Nilimpa maharage ya baridi." Mwaka uliofuata aliliangalia bila kusema kitu. Halafu siku moja kina mama wa kanisa walikuja kumtembelea, nikaingia na pai ya tufaha mkononi, nikamkuta anawaambia, "Nilimwambia tu, mwanangu, anza na yangu." Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama pai.

Kwa miaka yote hiyo, baridi ikiingia, mimi naacha gari chini ya mlima, kwenye kibao cha mji kilichoandikwa kwamba barabara ya Kittredge haihudumiwi. Watalii hupiga picha hapo. Mimi nawapita na unga na mafuta ya taa, naburuta hadi juu. Msiniambie kwamba gavana angeweza kumlipa mtu akaisafisha. Alimlipa, kimyakimya, mwaka mmoja. Gazeti likaja na kamera, likauliza kulikoni barabara maarufu inasafishwa, na yule mtu hakuonekana tena. Baadaye mvua zikaila barabara yenyewe, kalavati likabomoka, na hakuna mwenye lori aliyekubali kupanda hata kwa kubembelezwa. Palihitajika mji, na mashine za mji.

Januari iliyopita Mama alianguka jikoni. Ambulensi ilifika kwenye kibao, ikasimama. Vijana wake wawili wakapanda kwa miguu, theluji mapajani, wakafika juu wakihema kuliko mgonjwa. Jirani yetu wa chini, mzee Hollis Tatro, akaja na ile sleji yake kubwa ya mbao, ya kuburutwa juu ya theluji, anayobebea ndoo za utomvu wa miti wakati wa kuuchemsha uwe sharubati. Tukamfunga Mama humo na mablanketi, tukamteremsha. Njia nzima alikuwa ananiambia nimeacha jiko linawaka.

Daktari hakuzunguka. "Bi Avis, moyo wa mama yako hautasubiri sleji mara ya pili. Gari liweze kufika mlangoni, au ahamie nyumba ya wazee."

"Nitakufa kwangu," Mama akasema kutoka kitandani. "Mwambie huyo mtoto."

Huyo mtoto ni daktari mwenye mvi.

Basi nikasimama mlangoni pa duka la Lois Bragdon, nikakusanya sahihi ili swali liletwe kwenye mkutano wa mji wa mwezi Machi. Je, mji uihudumie tena barabara ya Kittredge? Walitia sahihi wote. Lois mwenyewe aliacha wateja akatoka nje kutia ya kwake. "Hii ilitakiwa zamani sana, Avis," akasema, na nilirudi nyumbani nikiwa na moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Mama aanguke.

Jumapili kabla ya mkutano, Merrill akaja. Alipanda kwa miguu, sikatai, pamoja na msaidizi wake Paige, binti mwerevu aliyevaa viatu vya ofisini. Paige akaketi jikoni kukausha soksi. Merrill akanivuta pembeni.

"Dada, iondoe ile hoja."

"Niiondoe niipeleke wapi?"

"Nimempatia Mama nafasi kule nyumba ya wazee. Chumba kizuri. Dirisha linatazama mto."

"Mama ana madirisha. Ana nyumba nzima ya madirisha. Alichokosa ni barabara."

Akashusha sauti. "Mwezi ujao natangaza kugombea Seneti. Washington, Dada. Unajua watakachosema. Kittredge anataka kwenda Washington, na ghafla barabara ya mama yake imefunguliwa."

"Waseme. Yako mangapi waliyosema?"

"Husikii. Unadhani watu wanakumbuka sheria nilizotunga? Hospitali niliyojenga? Mtu anakumbukwa kwa kitu kimoja. Mimi kitu changu ni hicho."

"Kitu chako ni mama yako kukaa kwenye theluji."

Nilikuwa nimekasirika, lakini nilijilazimisha kusema pole pole, maana ndugu yangu ukimpigia kelele anageuka mwanasiasa. "Merrill. Mimi sitaki ufanye lolote. Simama tu mkutanoni useme, nilikuwa kijana, mama amezeeka, naomba. Neno moja. Watu watakupenda mara mbili."

Alitazama dirishani, pale kona ya barabara tulipokuwa tukiteleza kwenye theluji na sinia za Mama tukiwa watoto. Uso wake ulilegea, na nikamwona mdogo wangu, yule wa zamani, aliyekuwa akinipa nusu ya kila kitu.

"Nitakuja," akasema. "Nitasema kitu."

"Merrill," Mama akaita kutoka chumbani, "umekula?"

Akala pai amesimama, akambusu Mama kwenye paji la uso, akateremka. Nilimwamini. Niseme nini zaidi.

Siku ya mkutano nilimchukua Mama. Hollis alisema ni wazimu, nikamwambia nataka wamwone kwa macho, wajue wanapigia kura nani. Tukamfunga kwenye sleji, nikamvisha glavu nyekundu nilizomfumia, tukamteremsha hadi kwenye gari. Alifurahi kama anayekwenda harusini.

Mkutano wetu hufanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, chini ya goli la mpira wa kikapu. Nyuma kina mama wa kanisa wanapasha moto nyama ya nguruwe na maharage, na harufu yake ndiyo inayowafanya watu wafupishe hotuba. Mbele yuko Alden Prouty, mwenyekiti wa mkutano, na nyundo yake. Kwake lazima umwambie yeye kila kitu, hata kama unagombana na mtu aliyekaa pajani kwako. Watu walimpisha Mama. "Bi Verna, karibu mbele." "Bi Verna, umependeza." Wakampa kiti cha kwanza kabisa. Merrill alikaa ukutani, amevaa lile koti la sufi la mirabamiraba analoliweka kwa ajili ya Stannery tu.

Wakabishana juu ya lori jipya la mji asubuhi nzima. Liwe jekundu au la njano. Hatimaye Prouty akasoma swali letu.

Sikuwa na hotuba. Nilisema Mama alianguka, ambulensi ikashindwa, sleji ya ndoo ikaokoa. Nikasema anataka kubaki kwake na kwamba hilo si jambo kubwa kuomba. Nikakaa.

Hollis akasimama. "Mwenyekiti, mimi mgongo wangu si mali ya mji. Nimevuta mara moja, nimevuta na leo. Naomba mji uvute na wenyewe."

Wakacheka, vichwa vikaitikia. Nilisikia ukumbi ukija upande wangu, kabisa, kwa namna unavyosikia mtu akikusogelea kwenye benchi. Kisha Lois Bragdon akanyosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi sina neno, nilitia sahihi. Ila kwa kuwa Gavana yupo, si tumsikie?"

Merrill akasimama. Ukumbi ukatulia hata wapishi wakaacha mwiko.

"Mwenyekiti," akasema, "nilisimama hapahapa nikiwa kijana, na mlinifundisha kazi. Leo naona mama yangu ameketi mbele, na hakuna mwana asiyetaka kumtengenezea mama yake njia."

Nikashika ukingo wa kiti. Sasa, nikajisemea. Sasa.

"Lakini ni yeye aliyeniambia, mwanangu, anza na yangu. Siwezi leo kuuomba mji umpe mama yangu kile ambacho sikuwapa mama wa wenzangu. Kwa hiyo sitapiga kura. Uamuzi ni wenu, na wowote ule nitauheshimu."

Akakaa. Wakapiga makofi. Paige alikuwa amesimama mlangoni na simu yake juu, anarekodi.

Nikasimama bila ruhusa. "Mama wa wenzako walirudishiwa barabara zao zamani, Merrill."

Nyundo ikagonga. "Dada Avis, pitia kwa mwenyekiti."

"Haya. Mwenyekiti, naomba umwambie mdogo wangu kwamba mama wa wenzake walirudishiwa barabara zao zamani."

Watu wakacheka, na katika kucheka kule neno langu likapotea. Merrill naye alicheka, kwa upendo kabisa, huku akitikisa kichwa. Ningekuwa karibu ningemchapa kofi.

"Wanaosema ndiyo," akasema Prouty, "wanyoshe mikono."

Mikono ilipanda. Mingi, kuliko nilivyotegemea baada ya yale makofi. Hollis alinyosha yote miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Lakini watu wengi walikuwa bado wanatazama magoti yao, Lois akiwa mmojawapo, na nilijua hawa hawajaamua. Hawakutaka kumnyima mwanamke mzee barabara. Hawakutaka pia kumharibia gavana wao hadithi, maana ilikuwa hadithi yao vilevile. Stannery haina kiwanda wala ziwa. Ina hadithi hiyo.

"Wanaosema hapana."

Hakuna aliyenyosha. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze, na nafsi yangu ikaanza kucheka, kwamba jamani, wameshindwa. Watu hawa ni wema. Hakuna atakayethubutu huku Mama anawatazama.

Ndipo mbele kabisa ikapanda glavu nyekundu.

Ilipanda polepole kwa sababu bega lile lilikuwa bado linauma tangu aanguke. Ikasimama juu. Lois akaiona, akanyosha wa kwake. Kisha mstari wake, kisha ukumbi, mikono ikiinuka huku watu wakishusha pumzi, kama walioruhusiwa. Prouty hakuhitaji kuhesabu.

Nikaenda nikachuchumaa mbele ya Mama. "Mama, umejua ni kura ipi uliyoinyoshea mkono?"

"Masikio yangu mazima."

"Kwa nini?"

"Ulitaka nimwangushe mwanangu mbele ya watu wote hawa?"

"Na mimi, Mama?"

Alinitazama kwa mshangao, kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Wewe una nguvu," akasema, na akauliza kama maharage yako tayari.

Kwenye kibao, wakati Hollis na mimi tunamfunga tena kwenye sleji, pikapu ya gavana ikasimama nyuma yetu. Paige akatangulia.

"Bi Avis, samahani. Gavana angependa kumvuta mama yake hadi nyumbani. Kama hutajali."

"Kujali nini? Kamba hiyo."

Merrill akajitia kamba begani. Mpiga picha waliyekuja naye akatangulia kinyumenyume. Kwenye mlima ule sleji haivutwi na mtu mmoja. Hollis akabaki nyuma kupumzisha mgongo, na mimi nikashika sleji kwa nyuma nikasukuma. Mama alikuwa anacheka. Miaka mingi sijamsikia akicheka vile. Tukafika kwenye kona, pale ambapo kutoka barabara ya chini huonekani tena, mpiga picha akashusha kamera, na Merrill akasimama, jasho linamtoka, akanikabidhi kamba.

"Dada, nina kikao saa nane. Nitakupigia."

"Sawa, Gavana."

Neno hilo lilimchoma, niliona. Akambusu Mama, akateremka. Nilisubiri Hollis anifikie. Sehemu iliyobaki ndiyo yenye mwinuko.

Kabla matope hayajaanza, Mama alibanwa kifua tena, na safari hii hakubisha. Alihamia chumba kile cha dirisha la mto. Mto ni mzuri, siwezi kusema uongo. Merrill ametangaza kugombea, na wanasema atashinda. Ile picha ipo kila mahali. Ipo kwenye mabango, na ipo ukutani pa Mama, kwenye fremu kubwa iliyoletwa na Paige: Merrill na kamba begani, Mama amejifunika hadi kidevu, theluji tupu. Nyuma ya sleji zinaonekana glavu mbili za kijivu. Mwenye nazo amekatwa na ukingo wa picha.

Nilikuwepo mwuguzi mpya alipokuja kumpima Mama presha, akaiona, akaweka mkono kifuani.

"Bi Verna, ndiye mwanao huyu? Ni kweli alikuvuta?"

"Mpaka mlangoni," Mama akasema. "Alinishusha mwenyewe, akanikalisha karibu na jiko."

Nilimtazama. Safari hii alinitazama na yeye, macho makavu, hayana aibu wala ombi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mwuguzi akasogea karibu na picha.

"Na hii mikono ni ya nani?"

"Aa, huyo ni Avis," Mama akasema. "Huyo yupo siku zote. Avis, mwanangu, ukienda nyumbani niletee lile blanketi la bluu."

Nikavaa koti. Niliendesha hadi kwenye kibao, nikaacha gari, nikapanda kwenye matope kufuata blanketi.